Ngozi, Udhu na Baridi ya Bara

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila ufikapo mwezi wa Juni, kusi likakaza na kipupwe kikaingia, sisi wa pwani hujifunika shuka nyepesi usiku tukasema baridi imekuja. Lakini jamaa zetu wengi siku hizi hawako pwani. Wako Kitengela na Kajiado mjini, wamefuata kazi, biashara na masomo ya watoto, na huko baridi ni jambo jingine kabisa. Miji hiyo imekaa juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto huteremka likakaribia nyuzi 12, ilhali Mombasa ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Upepo wa mbuga nao ni mkavu na umebeba vumbi; hauna ule unyevu wa bahari ambao tumezaliwa nao na kuuzoea hata hatuuoni.

Juma hili tumependa kuzungumza na akina mama na mabinti waliohamia huko juu ya jambo linalodharauliwa, nalo ni ngozi. Wako wasemao kuwa hayo ni mambo ya urembo tu. Sisi twasema ni mambo ya amana na ibada. Ngozi ni ukuta wa mwili. Ukipasuka, viini vya maradhi hupata pa kuingilia. Na ngozi inayochoma humfanya mtu aukimbie udhu. Mtoto aliyepasuka mikono huchovya ncha za vidole akadai ametawadha. Mama mwenye magaga huyapitisha maji juu juu ya visigino akiogopa maumivu. Nasi twajua jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowaonya vikali wale walioviacha visigino vyao vikavu.

Basi tuanze na chanzo. Hewa ya baridi hubeba unyevu mchache, kwa hiyo huunyonya ule uliomo mwilini. Maji ya visima virefu vya Kajiado mara nyingi yana chumvi na ni magumu: sabuni haitoi povu upesi, mtu huongeza nyingine, na mabaki yake hubaki mwilini yakiwasha. Kisha kwa ajili ya baridi twaoga maji ya moto sana na kukaa humo kwa muda mrefu, yakayaondoa mafuta ambayo Mola ameyaweka katika ngozi yenyewe.

Dawa yake haina gharama kubwa. Maji yawe vuguvugu na kuoga kuwe kwa dakika chache. Sabuni iwe isiyo kali, na itumike zaidi kwenye makwapa, sehemu za siri na nyayo. Ukimaliza, jikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha jipake mafuta mara moja, ngozi ikiwa ingali na unyevu. Kwani mafuta hayaongezi maji mwilini, huyazuia tu yasitoke. Mafuta ya mgando yafaa sana, hasa kwa visigino usiku, ukavaa soksi za pamba juu yake. Mafuta ya nazi pia yafaa, wala usishangae yakiganda chupani huko Kitengela. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakipashwa kidogo viganjani huyeyuka. Midomo ipakwe mafuta, isirambwe, kwa kuwa mate hukauka upesi na kuizidishia ukavu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi avalishwe nguo ya pamba ndani, sweta ya sufi ikae juu yake.

Hapa huja swali la akina mama wengi: je, mafuta hayabatilishi udhu? Mafuta hayatengui udhu uliokwisha kutiwa. Ama kabla ya kutawadha, Imamu Nawawi katika madhehebu yetu ya Kishafi ametofautisha mambo mawili. Kitu chenye mwili wake, kama nta au unga uliokandwa, kikizuia maji yasifike kwenye ngozi, lazima kiondolewe. Ama athari ya mafuta tu, maji yakaigusa ngozi na kutiririka juu yake, haidhuru hata kama hayakutulia. Kwa hiyo aliyepaka mafuta mazito usiku, au akayashindilia ndani ya magaga, ayafute vizuri kabla ya Alfajiri, kisha atawadhe kwa utulivu.

Wala si sharti mtu ajitese. Kutimiza udhu wakati wa uzito kuna fadhila kubwa, lakini hatukuamrishwa kuutafuta uzito huo. Mwenye uwezo wa kupasha maji na ayapashe. Swahaba Amr bin Al-As (r.a.), katika vita vya Dhatu Salasil mwaka wa 8 Hijria, alipata janaba usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia lau ataoga, akatayamamu, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu. Hiyo ni rukhsa ya anayeogopa madhara ya kweli na hana cha kupashia maji. Si ya anayeona uvivu kutoka kitandani. Na katika madhehebu yetu, swala hiyo hulipwa baadaye. Mwenye jeraha ambalo tabibu amelikataza maji na amwulize shekhe wa msikiti wake, apate maelezo kamili.

Tumalizie kwa maonyo mawili. La kwanza ni mkorogo na krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa jina la kulainisha ngozi. Baadhi yake zina zebaki, nayo hudhuru figo. Nyingine zina steroidi kali, ambazo zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Mkinunua, someni kilichomo. Kisichoandikwa kilichomo msikiguse.

La pili ni jiko la makaa. Msilale nalo chumbani, hata liwe limebakisha majivu ya moto. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ota moto mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha litoe nje kabla ya kulala. Blanketi moja zaidi ni nafuu kuliko msiba.

Enyi wazazi, mikono ya watoto wetu iangaliwe kila jioni, na visigino vya mama zetu wazee vipakwe mafuta na wajukuu zao. Hiyo ni huruma, na huruma ni ibada.

Twamwomba Allah Awahifadhi jamaa zetu walioko bara, Awape afya ya miili na wepesi katika twaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.