Bunduki moja kwa wanyama wote? Acheni kutuletea hadithi za Karamojo

Kuna swali ambalo wawindaji hawachoki kulibishania: kama ungekuwa na bunduki moja tu, kuanzia digidigi hadi nyati, ungechukua ipi?

Kwa Mmarekani mwenye kabati la bunduki kumi na mbili, hilo ni swali la kupitishia jioni. Anabishana, anacheka, kesho anakwenda kununua ya kumi na tatu. Kwa mwindaji mwenyeji wa hapa kwetu, yule mwalimu au fundi au mfanyabiashara wa mpunga anayekata leseni yake halali akatafute kitoweo, hilo swali si la mchezo hata kidogo. Kibali cha kumiliki silaha kinahangaikiwa kwa miezi, bei haishikiki, risasi zinauzwa kama dhahabu. Huyu atamiliki bunduki moja maisha yake yote. Akikosea kuchagua, amekosea kwa miaka thelathini.

Ndiyo maana nakasirika ninaposikia watu wazima, tena wanaoheshimika kwa uwindaji, wakimwambia mtu kama huyo: "Kijana, bunduki yoyote inaua, cha muhimu ni kulenga."

Huo ni uongo. Nasema wazi, ni uongo, na kuna watu wanalipa kwa miili yao.

Nianze na mtakatifu wao, maana lazima watamtaja. W.D.M. Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu aliwinda tembo Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Inajulikana kwamba aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya 7x57, ile ile ambayo Waingereza waliibatiza .275 Rigby. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kidogo. Basi kila mwenye bunduki ndogo leo anajiona Bell.

Wanachosahau kukisimulia ni mambo yafuatayo. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi hasa, na akajifunza kuulenga kutoka kila upande. Alitumia risasi ngumu za kijeshi, zisizopanuka, zinazokwenda moja kwa moja hadi ndani. Aliwinda tembo waliokuwa hawajazoea mlio wa bunduki, mara nyingi kwenye mbuga za wazi. Uwindaji ulikuwa ndiyo kazi yake, miezi kwa miezi porini, na hata bila risasi chemba alikuwa akifanya mazoezi ya kulenga na kufyatua kila siku. Sasa nitajie mtu wa Kilosa au Nachingwea anayefunga duka lake Ijumaa jioni, anaingia porini Jumamosi, anarudi Jumapili, na kwa mwaka mzima anafyatua risasi zisizofika ishirini. Huyo ndiye Bell?

Na kwa taarifa yenu, Bell mwenyewe hakuwa mtu wa bunduki moja. Alikuwa na .318 ya Westley Richards, alikuwa na Mannlicher ya 6.5, akabadilisha kutegemea risasi zipi zinapatikana na zipi zinamwangusha. Kwa hiyo hata hoja yenu ya "bunduki moja ndogo" yeye hakuiishi.

Kuna kundi la pili, na hili kwetu ni kubwa zaidi: watu wa shotigani. Hawa wanasema shotigani ya namba 12 inafanya kila kitu. Weka marisau madogo, upate kanga na kwale. Weka SSG, upate swala. Weka ile risasi moja nzito, upate nyati. Bunduki moja, kazi zote! Na kibali chake, wanasema, hakisumbui kama cha raifo.

Kwa ndege hakuna ubishi, shotigani ni mfalme. Kwa nsya au ngiri aliye hatua thelathini, sawa. Lakini chembe moja ya SSG haifiki hata gramu 2, na ni ya mviringo, inapoteza nguvu haraka. Nyati dume ana uzito wa kilo 600 hadi 800 na zaidi. Ngozi nene, msuli, mbavu pana zilizokaribiana, kisha ndiyo ufike kwenye mapafu. Ukimpiga SSG umemtia vidonda vya kuoza, basi. Hafi leo. Anaingia kichakani, anakaa siku tatu au wiki na maumivu na hasira, na mtu wa kwanza kumkuta si wewe uliyempiga. Wewe umesharudi mjini na simulizi ya "nilimgonga lakini akanitoroka".

Nilikwenda wilaya moja kusini kuandika habari ya mashamba kuvamiwa na wanyama. Nikakaa na askari wa wanyamapori wa kijiji, mzee wa miaka hamsini na kitu. Nilipomaliza shikamoo na maswali yangu ya mazao, yeye akataka tuzungumze mambo yake. Akanionyesha shotigani aliyopewa na risasi zake tano. Tano, nilizihesabu. Akasema mwezi uliopita mtu mwenye leseni kutoka mjini alijeruhi nyati akaondoka, na wanakijiji wakaja kumgongea mlango yeye, kwa sababu ile njia ndiyo wanawake wanayopita kwenda kuokota kuni.

"Ulikwenda, mzee?"

"Sasa ningefanyaje, mwanangu? Ndiyo kazi."

Walikwenda wawili, yeye na kijana mwenye panga. Walimkuta nyati siku ya pili, kwa bahati ameshalala hawezi kunyanyuka. Mzee alipomwangalia vizuri aliona tundu dogo kwenye bega, tundu la risasi nyembamba iliyoishia kwenye mfupa. Kanieleza kwa ncha ya kidole chake cha mwisho lilivyokuwa dogo.

Ndiyo maana suala la ukubwa wa bunduki si la majivuno. Bunduki ndogo kwa mnyama mkubwa ni deni unalomwachia mtu mwingine alipe.

Haya, sasa wale wa upande wa pili wasishangilie. Maana wapo pia wanaoamini dawa ni mzinga. Hao nawapa mfano wa Frederick Selous, yule ambaye jina lake lilipewa pori kubwa la akiba (sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019), na aliyeuawa Beho Beho kwa risasi ya vita Januari 1917. Alipokuwa kijana wa miaka ya ishirini, Selous aliwinda tembo kwa magobole makubwa ajabu ya namba 4. Namba 4 maana yake goroli nne za risasi ndiyo ratili moja, yaani kila goroli zaidi ya gramu 110! Baadaye alijutia. Alisema yale mateke yalimharibu neva kiasi kwamba yalimchafulia ulengaji wake miaka iliyofuata. Mtu akiogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua, na aliyefumba macho hata ukimpa mzinga wa manowari atakosa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayetaka kubisha abishe kwa hoja: kama ni bunduki moja, na kama nyati yumo kwenye hesabu zako, basi ni .375 Holland & Holland Magnum, raifo ya kukoki kwa mkono, nzito kiasi, yenye shabaha imara za chuma. Kama nyati hayumo, hilo ni swali jingine na jibu lake ni rahisi, chukua .30-06 ukaishi kwa amani na swala zako.

Risasi hii ilitoka London mwaka 1912, na zaidi ya miaka mia moja baadaye bado inatengenezwa na viwanda vya nchi nyingi. Si kwa sababu ya mapenzi ya kale. Inarusha kichwa cha gramu 19.4 kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nguvu inayotoka mdomoni mwa mtutu, ni zaidi ya mara mbili ya ile 7x57 ya Bell. Lakini haidondoki haraka kama risasi nyingine nzito. Ukiirekebisha igonge katikati kwenye mita 200, kwenye mita 100 itakuwa juu kwa sentimita chache tu. Maana yake kongoni aliyesimama mbali kwenye mbuga unampata bila kupiga ramli.

Halafu kuna jambo ambalo wanaoijua wanalisifu kuliko yote. Raifo nyingi zikibadilishiwa uzito wa risasi zinapiga mahali pengine kabisa, inabidi urekebishe shabaha upya. .375 nyingi hazina usumbufu huo: weka nyepesi, weka nzito, weka ngumu, weka ya kupanuka, zinaanguka karibu sehemu moja. Kwa mtu wa bunduki moja hilo ndilo jambo lenyewe. Na ganda lake refu lililochongoka taratibu linaingia na kutoka chemba bila kung'ang'ania. Siku nyati anakuja, utakumbuka ganda.

"Itaharibu nyama ya swala." Haiharibu hivyo mnavyosema. Kinachopasua nyama vibaya ni risasi nyepesi ya kasi kubwa inayolipuka ndani. Risasi ngumu ya .375 kwenye mnyama mdogo inapita, inaacha tundu, inakwenda zake. Chukua ngumu kwa digidigi, na hakikisha hakuna mtu wala ng'ombe nyuma yake, maana haitasimama hapo.

"Inapiga teke." Kweli. Karibu mara mbili ya teke la .30-06. Lakini ni teke la kusukuma kuliko la kugonga, na mtu wa kawaida anajifunza nalo kwa risasi thelathini akiwa na mwalimu mwenye subira, asianze nalo akiwa ameketi mezani kifua kimebanwa. Piga ukiwa umesimama, mwili uyumbe nayo.

Kuna mpinzani mmoja tu ninayemheshimu, naye ni Mjerumani. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza 9.3x62. Alimlenga nani? Walowezi wa makoloni ya Kijerumani Afrika, ikiwemo hapa kwetu, watu ambao hawakuwa na fedha za kununua bunduki za kifahari za Waingereza zenye mitutu miwili. Bock akachukua Mauser ya kawaida ya bei nafuu, akaipa risasi inayotosha mnyama mkubwa. Yaani swali letu hili la bunduki moja ya mtu wa kipato cha kawaida lilishajibiwa kwa ajili ya ardhi hii kabla hata .375 haijazaliwa! Kichwa cha gramu 18.5, teke dogo zaidi, bunduki nyepesi zaidi. Kama ingekuwa suala la ufundi peke yake, ningepata kazi kuchagua.

Tatizo ni sheria. Kiwango cha chini kwa wanyama hatari Tanzania ni .375, na 9.3 inapungukiwa kama robo ya milimita. Nyati hawezi kuipima hiyo robo, lakini mkaguzi anaweza. Mimi naona kanuni ingeweza kuitaja 9.3x62 kwa jina ikaikubali, kwa sababu historia yake iko wazi, na mtu wa kawaida angepata nafuu. Mpaka hapo itakapotokea, usimshauri mtu aingie kwenye matatizo kwa ajili ya mapenzi yako na Mjerumani.

Na John Taylor, yule Mwairishi aliyewinda miaka mingi Msumbiji (jangili, tuseme ukweli, vibali hakuvijali), alipochapisha kitabu chake cha bunduki za Afrika mwaka 1948 baada ya kutumia karibu kila aina, ya kufaa kazi zote aliichagua .375. Simsifu kwa tabia. Lakini huyo alikuwa anakula kwa bunduki yake, na alikuwa hana kampuni ya kumpa posho asifu bidhaa.

Gharama najua mtaniuliza. Ni kubwa. .375 ya kawaida, iliyotumika, bado ni fedha nyingi kuliko shotigani mpya, na risasi moja ni bei ya kuku. Ndiyo nasema, kama huwezi, kata leseni ya swala na ngiri, mwache nyati. Hakuna aliyekulazimisha. Nyama yake ni nyingi, naelewa, mtaa mzima unakusubiri na sufuria. Bado mwache. Yule mzee wa kijiji ana risasi tano tu.

Na kanga? Kanga kwa .375 hapana, atabaki manyoya. Fuga kuku.