Elimu na Wazazi: Karo Peke Yake Haimfikishi Mwuguzi

Mzazi ambaye binti yake ameitwa katika chuo cha uuguzi huuliza kwanza karo ni kiasi gani. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Karo ikisha kulipwa, kuna vitabu, nguo za wodini, viatu, nauli na chakula. Na hivyo vidogo vidogo vyaweza kumrudisha mtoto nyumbani kabla ya kuufikia mtihani wake wa mwisho.

Serikali ya Marekani ilitambua jambo hili mwaka wa 1943. Wauguzi wengi walikuwa wamekwenda vitani kuwahudumia askari, na hospitali za nyumbani zilikuwa zimepungukiwa mno. Bibi Frances Payne Bolton, Mbunge wa Ohio, alipeleka mswada Bungeni, na tarehe 1 Julai mwaka ule kikaanzishwa Kikosi cha Wauguzi Wanafunzi. Msichana mwenye afya njema, wa umri wa miaka 17 hata 35, aliyemaliza shule ya sekondari, alilipiwa karo yote na vitabu, akapewa nguo za kazi na sare ya rangi ya kijivu. Zaidi ya hayo alipewa masurufu: dola 15 kwa mwezi katika miezi tisa ya mwanzo, kisha dola 20, na mwishoni zisizopungua dola 30. Naye aliahidi kutoiacha kazi ya uuguzi mpaka vita viishe.

Hakuna aliyetakiwa kuthibitisha umaskini wake, wala sheria haikuruhusu mtu kubaguliwa kwa rangi au dini. Binti wa mkulima na binti wa tajiri waliingia kwa mlango mmoja. Wapatao 180,000 walijiandikisha, na wapatao 124,000 wakahitimu kabla ya kikosi kufungwa mwaka wa 1948. Ni vigumu kuamini kwamba wote hao wangalifika kama wangalilipiwa karo tu, wakaambiwa viatu wajitafutie.

Vita vilipokwisha, ukarimu ule ulipungua. Sheria ya mwaka wa 1964 ilileta mikopo, ingawa aliyefanya kazi ya uuguzi alisamehewa sehemu ya deni lake kila mwaka, hata kufikia nusu.

Siku hizi serikali hiyo ina msaada uitwao Nurse Corps, ambao hulipa karo na ada nyingine, na kumpa mwanafunzi masurufu ya kila mwezi. Wenye shida kubwa zaidi ya fedha hutangulizwa, hivyo mwombaji hana budi kueleza mapato ya nyumba yao. Akihitimu, hutumikia muda usiopungua miaka miwili mahali penye upungufu mkubwa wa wauguzi.

Wazazi wa Kenya wenye watoto Marekani na waangalie sana hapa. Msaada huu hupewa raia wa nchi ile, au mtu aliyepata kibali cha kukaa huko daima. Kijana aliyekwenda kwa viza ya masomo hawezi kuupata, hata akiwa maskini namna gani na alama zake ziwe nzuri namna gani. Basi mtu akija kijijini na kumwambia mzee auze ng'ombe wawili ili karatasi za msaada huo zipelekwe kwa niaba ya binti aliye bado Kenya, mzee huyo na awaache ng'ombe wake zizini.

Na kwa yule aliye na haki ya kuomba, mkataba usomwe wote kabla ya kutiwa sahihi. Anayepokea fedha kisha akakataa kutumikia hudaiwa fedha hizo pamoja na riba, na deni hilo laweza kuwa zito kuliko karo aliyoikimbia.