Winga wa Makoko Hana Daftari

Hivi karibuni, nikiwa Makoko kwa shughuli za kifamilia, niliketi na mtumishi mmoja wa umma kando ya uwanja wa vumbi ambao vijana huutumia jioni. Kijana mwembamba wa miaka kama kumi na minne, peku, alikuwa akiwatoka mabeki upande wa kulia kwa namna iliyonifanya nisahau nilichokuwa nikisema. Mwenyeji wangu alitikisa kichwa. "Daktari, usijisumbue. Hawa wetu hata wakipelekwa Ulaya hurudi. Wanakumbuka ugali na sato."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, vijiweni na hata ofisini, na naipinga kwa sababu inawafaa mno wale waliopaswa kuulizwa maswali. Kosa likiwa moyoni mwa mchezaji, hakuna wa kuwajibishwa.

Ushahidi unaoletwa daima ni Mrisho Ngassa, winga aliyezaliwa Mwanza mwaka 1989, mtu wa ziwa hili hili letu. Mwaka 2009, akiwa hajafikisha miaka 20 au ndiyo anaifikisha, alikwenda West Ham ya Uingereza kwa majaribio na hakupata mkataba. Julai 2011 alikuwa Marekani, akaichezea Seattle Sounders katika mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Hapo napo hakusajiliwa. Mwaka 2015 akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Fanja ya Oman, kisha akarejea nyumbani. Katikati ya hayo, mwaka 2012, alikataa kuhamia El Merreikh ya Sudan, na sitamtetea kwa hilo, huenda alikosea. Lakini huyu ndiye mfungaji aliyeibeba Taifa Stars kwa miaka mingi. Kumfanya mfano wa uvivu ni utovu wa shukrani.

Sasa tumtazame winga mwingine. Serge Gnabry, Mjerumani mwenye baba wa Ivory Coast, aliondoka VfB Stuttgart akiwa kijana mdogo akaenda Arsenal. Mwaka 2015, akiwa na miaka 20, alipelekwa West Brom kwa mkopo. Alicheza mechi moja tu ya ligi, akarudishwa Arsenal Januari. Kwa mizani ya vijiwe vyetu, Gnabry alikuwa amekwisha. Angekuwa mtoto wa Makoko, tungesema amekumbuka ugali.

Kilichomtokea baada ya hapo hakikuwa muujiza. Kwao kulikuwa na watu waliokuwa wakimfahamu tangu timu za vijana. Kocha Horst Hrubesch alimwita katika kikosi cha Olimpiki cha Rio mwaka 2016; akafunga mabao sita na Ujerumani ikapata medali ya fedha. Werder Bremen ikamnunua, mwaka uliofuata Bayern Munich ikamchukua, na mwaka 2020 akatwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Winga yule yule, miguu ile ile. Alianguka mahali palipokuwa na wavu.

Wavu huo ulifumwa kwa makusudi. Ujerumani ilipomaliza mkiani mwa kundi lake katika Kombe la Mataifa ya Ulaya la mwaka 2000, haikuunda kamati ya kuchunguza mapenzi ya wachezaji kwa chakula cha mama zao. Klabu za ligi za juu zililazimishwa kuwa na vituo vya kulea vijana, na shirikisho likafungua zaidi ya vituo 300 nchi nzima ili mtoto wa kijijini aonwe na kuandikwa.

Kuandikwa: hapo ndipo penye kidonda chetu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una robo ya asilimia; kila msimu baada ya hapo una nusu asilimia. Tuseme kijana huyu atauzwa siku moja kwa euro milioni 4. Klabu ya mtaani iliyomlea misimu minne ya mwanzo ingestahili euro 40,000. Makoko ingenunua mipira, viatu na kumlipa kocha kwa miaka mingi. Ila fedha hiyo hudaiwa kwa kumbukumbu za usajili. Bila jina katika usajili unaotambulika, klabu hiyo itadai kwa karatasi gani?

Nanyi mnaosema uzembe ni wa wachezaji, kumbukeni Biashara United, timu ya mkoa huu. Oktoba 2021, katika Kombe la Shirikisho Afrika, vijana wale waliifunga Al Ahli Tripoli mabao 2-0 jijini Dar es Salaam. Mechi ya marudiano Libya hawakuicheza, kwa kuwa safari ilikwama. Walitolewa mashindanoni wakiwa wanaongoza. Msimu huo huo wakashuka daraja. Niambieni ni winga gani aliyekumbuka ugali hapo.

Nilimuuliza mwenyeji wangu kama halmashauri ina orodha ya watoto wanaocheza katika kata hii: majina, tarehe za kuzaliwa, timu zao. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala ziara ya mafunzo. Inahitaji daftari, kalamu, na baadaye mtu wa kupeleka majina hayo chama cha mpira. Alicheka, akasema bajeti haina kifungu hicho.

Uwanjani giza lilikuwa linaingia. Nilimwita yule kijana, nikamuuliza anachezea timu gani. Alitazama wenzake, kisha akanijibu, "Timu ya hapa hapa, shikamoo."