Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Kompyuta

Mwezi huu naomba tutoke jikoni kidogo twende uani, pale gari linapolala. Najua wapo watakaosema mambo ya gari ni ya baba watoto. Lakini ni nani anayewapeleka watoto shule asubuhi, na bahasha ya ada huwa mikononi mwa nani? Mimi bahasha hiyo nusura niitoe yote kwa ajili ya kisanduku cha bati ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote.

Sisi tunakaa Iringa, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Gari letu dogo la Kijapani lilianza kugoma kuwaka alfajiri. Likishawaka, feni ya radieta inazunguka muda wote, hata kabla injini haijapata moto, na petroli ikawa inakwisha upesi. Kwenye dashibodi ile taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka na haikuzimika. Mume wangu alikuwa safarini. Nikalipeleka gereji.

Fundi akachomeka mashine yake chini ya usukani, ikaandika P0118. Akaniambia, "Mama, sensa ya joto la maji imekufa." Nikanunua mpya, taa ikafutwa, nikashukuru. Siku ya pili ikawaka tena. Niliporudi akatikisa kichwa, akasema basi ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na bei aliyotaja ilikaribia ada ya muhula ya mtoto wetu wa pili. Fundi yule sidhani kama alikuwa mwizi. Aliamini alichosoma kwenye mashine.

Hapo ndipo tunapopotea wengi. Namba ile haitaji kifaa kilichoharibika. Inataja njia ya umeme ambayo kompyuta inailalamikia, basi. Sensa ya joto la maji ni kitu kidogo kinachobana umeme kukiwa baridi na kuuachia kukiwa moto. Katika magari mengi, maji yakiwa na nyuzi 20 ukinzani wake huwa kama omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika nyuzi 80 hushuka mpaka kama 300. Kompyuta hupeleka volti 5, na kwa kuangalia kiasi kinachobaki njiani hujua joto. P0118 maana yake umeme wa njia hiyo umebaki juu mno. Huenda sensa imekufa. Huenda pia soketi imelegea, au mmoja wa nyaya mbili umekatika, na kwa nadra sana huenda ni kompyuta yenyewe.

Waya ukikatika, kompyuta huona kama maji yana nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi hiyo hata Makete hawaijui! Kwa hiyo magari mengi huacha kukiamini kipimo hicho, hushika kiwango walichopangiwa kiwandani kana kwamba injini imeshapata moto, na huiacha feni izunguke kwa usalama. Ndiyo maana letu liligoma alfajiri: injini ya baridi huhitaji petroli ya ziada, nayo ilikuwa inanyimwa.

Mithali 18:17 inatutahadharisha juu ya anayetangulia kujieleza, kwamba huonekana ana haki mpaka mwingine aje amhoji. Ile namba ni shahidi wa kwanza tu.

Aliyekuja kumhoji ni mzee mmoja wa usharika wetu, fundi umeme wa magari. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, nyaya zimepimwa?" Sikujua. Akatoa mita ndogo. Alianza na betri, kwa sababu betri dhaifu huifanya kompyuta isingizie vitu vingi: volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, kama 14 ikiwa inawaka. Yetu ilikuwa salama. Kisha akachomoa soketi ya sensa, swichi ikiwa imefunguliwa, akapima. Waya mmoja ulikuwa na volti zake 5. Akaziunganisha tundu mbili za soketi kwa kipande cha waya huku akitazama mashine. Kwa kawaida kipimo kingeruka na kuonyesha maji ya moto kupita kiasi. Hakikutikisika.

Nikasema moyoni, haya, kompyuta imekufa kweli. Yeye akatabasamu, akautoa ule waya kwenye tundu la pili, akaugusisha kwenye chuma cha injini. Kipimo kikaruka papo hapo! Kumbe kompyuta ilikuwa hai, na waya wa kuleta umeme ulikuwa mzima. Uliokatika ni ule wa kurudishia. Akaufuata kwa vidole mpaka karibu na kitako cha betri. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, lakini alipouminya ulikuwa laini kama kamba. Ndani shaba ilishaliwa na asidi, imebaki unga wa kijani.

Kazi yote haikufika saa moja. Alichokata kwangu ni pesa ya kipande cha waya, risasi ya kuchomelea na tepu, pamoja na ujira wake.

Tangu siku hiyo nina maswali yangu ninapokwenda gereji, nayaulize kwa upole ili fundi asione anadharauliwa. Umesoma namba gani? Naomba niiandike. Umepima waya na ethi? Na kifaa cha zamani naomba nirudishiwe. Fundi wa kweli hakasiriki. Akitaka kugusa nyaya za sensa kwa ile balbu ya kupimia umeme, mkatalie, maana huvuta umeme mwingi na inaweza kuiua kompyuta kweli. Wakichomelea bodi kwa umeme, betri ifunguliwe kwanza. Tena kompyuta iliyotumika, kwa magari mengi ya funguo zenye chipu, haitaukubali ufunguo wako mpaka ipangwe upya, na hiyo ni gharama nyingine.

Kwa walio na Toyota za miaka ya 1990, nyingi husomwa hata bila mashine. Fundi huunganisha tundu za TE1 na E1, taa ikaanza kumweka: mara mbili, kimya kidogo, mara mbili tena, ni 22, njia ya joto la maji. Ila taa hiyo ikimwekamweka yenyewe mkiwa njiani, punguzeni mwendo mkasimame mahali salama. Mara nyingi ni petroli isiyoungua inayokwenda kuchoma vitu kwenye ekzosi.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, pamoja na pesa ya sensa ambayo kwenye simu sikuitaja. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza sensa ya zamani iko wapi. Nilikuwa nimeiokota gereji. Jioni ile tukaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, mita ya kuazima mkononi, watoto wametuzunguka. Ukinzani ukashuka taratibu kama inavyotakiwa. Ilikuwa nzima. Sasa iko kwenye droo ya gari, kwa ajili ya akiba.