Jicho Halichachushi Pombe

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kijiji kimoja cha Uchagani, nilishuhudia pipa zima la mbege likimwagwa migombani, na mama mwenye mali, ambaye sifa ya upishi wake ilikuwa imevuka mito miwili, akiapa mbele ya majirani kwamba amefanyiwa husuda na mtu aliyepita uani siku ya pili ya upishi, akausifu mpiko ule bila ya kutia neno la heri. Sikuthubutu kumbishia, maana mgeni hana kauli katika ua wa mwenyeji. Lakini nilipochovya kidole katika mabaki na kukinusa, ukali wa siki ulinipanda puani, nikafahamu kwamba pombe iliyoharibika ni shahidi mwadilifu kuliko majirani wote waliokusanyika, ila hatuna subira ya kumhoji.

Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa saa nyingi hata zikageuka rangi, kisha zikaachwa siku kadhaa zichachuke na kuwa nyalu. Nyalu ikachujwa, maji yake yakachanganywa na mso, yaani uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe likatoa ule uchungu ambao pombe za Ulaya huupata katika maua ya hopsi. Hakuna mahali katika kazi hiyo ambapo hamira ya dukani hutiwa. Chachu huja yenyewe, kutoka kwenye maganda, hewani, na katika nyufa za chombo kilichotumika juzi. Na mwenye kufungua mlango bila ya kuuliza nani anabisha, hana budi kupokea wema na waovu pamoja.

Wala asidhani msomaji kwamba namcheka yule mama. Ujerumani katika karne za kale ilikuwa na wanawake waliotuhumiwa uchawi kwa sababu pombe ya jirani imeharibika, na elimu ya jambo hili ilichelewa sana kupatikana hata huko. Ilikuwa mwaka 1856, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, ndipo mwenye kiwanda kimoja cha kutengeneza kileo cha viazisukari alipomwendea Louis Pasteur kulalamika juu ya mapipa yake yaliyochacha. Naye Pasteur, kwa darubini yake, akaona katika mapipa mabovu viumbe vidogo visivyofanana na chachu ya mapipa mazima. Kitabu chake juu ya pombe kilitoka miaka 20 baadaye.

Turudi kwa shahidi wetu. Uchachu una namna mbili, na asiyezitenga atahukumu kombo. Uko uchachu mpole, wa maziwa ya mgando, ambao ni haki ya mbege na ya busaa, pombe ya mahindi, na wanywaji wake wangeikataa pombe isiyokuwa nao. Uko na ukali wa siki, unaopanda puani kabla ya kufika ulimini, na huo asili yake ni moja: bakteria wanaokigeuza kileo kuwa siki, ambao hawawezi kazi hiyo bila ya hewa. Kwa hiyo chombo kilichojaa nusu, kilichofunikwa kwa jani lililotoboka, na kufunuliwa kila saa ili shangazi aone imefikia wapi, kimekwisha kuhukumiwa. Wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana nao ni wachukuzi wa bakteria hao. Kitambaa safi kilichofungwa sawasawa mdomoni mwa pipa kina kinga kuliko hirizi.

Kasoro nyingine zina habari fupi. Ladha ya dawa ya hospitali, kwa wapikao mjini, aghalabu hutoka katika klorini ya maji ya bomba. Yachemshwe kwanza, au yalale wazi usiku kucha. Ladha ya siagi katika bia ya shayiri ni alama ya haraka, kwa kuwa chachu huitoa siagi hiyo na kuirudisha yenyewe ikipewa siku zake. Harufu ya mahindi ya kuchemsha ni ya sufuria iliyofunikwa wakati wa kuchemka, mvuke ukakosa pa kutokea.

Ninalolichukia ni dawa wanayoitumia wauzaji wengi: sukari katika pombe iliyochacha, au mabaki ya jana katika pipa la leo. Mgema wa methali alitia maji tu, na hasara ikaishia kwa mnywaji wa siku ile; huyu anapandikiza maradhi ya pipa moja katika jingine, kisha wiki ijayo ashangae kuwa amerogwa tena.

Na bado kasoro hizo zote ni wakosaji wanaojitaja. Yuko mmoja asiyejitaja. Katika majumba mengine, mahindi yaliyoota kuvu hutengwa na ya chakula, yakawekwa kwa ajili ya pombe, kwa dhana kwamba moto na uchachu vitayasafisha. Sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini, haina ladha, haina harufu, wala haiondoki kwa kuchemshwa. Na mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, mahindi ya namna hiyo yaliyoliwa majumbani yaliua watu 125. Ulimi uliofundishwa miaka 40 hautaitambua katika kata ya busaa. Hapo uchunguzi hauna budi kuanzia kwenye ungo, kabla ya nafaka kuloweshwa, na punje zenye kuvu, ndugu msomaji, usizigawe kwa kuku wala kwa mpishi wa pombe. Zifukie.