Tunzo Si Bei
Wapo washikiliao kwamba cha bure hakilipiwi, na akilipiaye ni mjinga au atoa sadaka. Hao hawaijui taarabu ya harusini. Mwimbaji yumo katikati ya ubeti. Mwanamke huinuka, hujongea kwa madaha, humtunza kwa noti, hurudi kitini. Wimbo angeusikia hata asingetoa. Hanunui: anakiri hadharani kuwa maneno yale yamemsemea la moyoni.

Wala si pwani pekee. Mwaka 2007 kundi la Radiohead la Uingereza lilitoa albamu ya In Rainbows kwenye intaneti, kila mtu alipe apendavyo, hata asilipe. Wako waliochukua bure, waliolipa walitunza.

Sadaka hupewa mhitaji. Tunzo hupewa astahikiye. Basi mshairi asomwaye bure asione haya kupokea, wala msomaji asijione mjinga kutoa.