Karatasi zetu ziko kwa seva za vyuo, na si kila mtu ana ufunguo

Juni 2024 kuna kitu kilibadilika mtaani, na hakikuwa siasa peke yake. Watu walianza kusoma. Mswada wa Fedha ulizunguka kwa WhatsApp kama vile vichekesho huzunguka, wasee wa bodaboda wakibishana kuhusu ushuru wa mkate na ushuru wa magari, mmoja akitaja kifungu na mwenzake akifungua simu kuhakikisha. Tarehe 26 Rais akasema hatautia saini. Kizazi ambacho kila mara huambiwa hakisomi kilikuwa kimesoma hati ya serikali na kuielewa kuliko baadhi ya wabunge waliokuwa wakiipigia kura.

Lakini mswada ni ukurasa wa mwisho tu. Kwa nini shamba hili ni la fulani, nani aliteswa kambini na kwa amri ya nani, kwa nini ugonjwa fulani umekwama mkoa fulani: kurasa za mwanzo ziko kwa karatasi za zamani, na karatasi nyingi za aina hiyo siku hizi ziko kwa hifadhi za kidijitali za vyuo vikuu. Nyingine ziko hapa nyumbani, nyingi ziko Marekani na Uingereza. Ukiingia humo unapata barua za wamishonari, hukumu za mahakama, vipimo vya damu, mafuvu ya watu wa kale, tasnifu za wanafunzi wa juzi, vyote vikikaa pamoja kama bidhaa za Gikomba.

Na karatasi yenyewe haijui kama ni ya historia, ya sheria ama ya sayansi. Anayeuliza swali ndiye anaamua. Ndiyo maana nani anaruhusiwa kuingia na kuuliza si jambo dogo.

Chukua malaria. Watafiti wa KEMRI-Wellcome hapa Kenya, Robert Snow, Abdisalan Noor na wenzao, walitumia miaka mingi kuchimba ripoti za zamani za madaktari wa kikoloni, tasnifu, majarida na barua, wakitafuta kitu kimoja tu: mahali ambapo mtu aliwahi kupima damu za watu na kuandika wangapi walikuwa na vimelea. Walipata vipimo 50,424 kutoka sehemu 36,966 za Afrika kusini mwa Sahara, kuanzia 1900 hadi 2015. Mwaka 2017 matokeo yakachapishwa kwa jarida la Nature. Kiwango cha maambukizi kilikuwa takriban asilimia 40 katika kipindi cha 1900 hadi 1929, na asilimia 24 kati ya 2010 na 2015. Katikati hapo kilipanda na kushuka, dawa zikifanya kazi kisha zikikataa.

Fikiria yule daktari wa mkoloni wa miaka ya 1920 akiandika ripoti yake chini ya taa ya mafuta. Yeye alikuwa anataka tu bosi wake ajue kazi imefanyika. Pengine hakujali sana hao watoto aliowatoboa vidole. Miaka 90 baadaye namba zake ziko kwa seva ya Harvard inayoitwa Dataverse, na mtu anayepanga pa kupeleka neti anaweza kuzitumia. Ripoti ya utawala imegeuka sayansi.

Sasa angalia jinsi karatasi inageuka kesi. Mwaka 2009 wazee watano kutoka Kenya walishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso waliyopata enzi za Mau Mau. Uingereza ilijitetea kwamba madeni hayo yalirithiwa na serikali ya Kenya mwaka 1963, na kwamba muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Wazee walikuwa na makovu na kumbukumbu zao. Waliokuja na kuongeza karatasi ni wanahistoria wa vyuo: David Anderson wa Oxford, Caroline Elkins wa Harvard, pamoja na Huw Bennett. Anderson alikuwa anajua kuna masanduku ya mafaili yaliyopakiwa kwa ndege kutoka Nairobi siku chache kabla ya Uhuru, mafaili ambayo Kenya iliwahi kuyaomba na ikakataliwa. Wakili akauliza, jaji akauliza, na mwaka 2011 serikali ikakubali: yapo, kwa jumba linaloitwa Hanslope Park, karibu mafaili 1,500 ya Kenya pekee, na maelfu mengine kutoka makoloni mengine 36.

Miaka karibu 50 mlikuwa mmekalia hiyo kitu!

Juni 2013 Uingereza ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Ukigawa, kila mmoja alipata pesa ya kununua pikipiki kadhaa. Si nyingi. Lakini bila mafaili yale, na bila watu waliolipwa mshahara na vyuo kukaa miaka wakisoma vumbi, wazee wangeambiwa ni hadithi tu za wazee.

Upande wa sheria zenyewe, mambo yamenyooka zaidi, na watu wengi hawajui kwamba vyuo ndivyo vilianza. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kiliweka sheria kwa intaneti bure mwaka 1992, wakati ambapo wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Wazo likasambaa. Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi wa AfricanLII unaokusanya sheria na hukumu za nchi nyingi za Afrika. Hapa kwetu Kenya Law, ambayo ni ya serikali, inakupa hukumu bila kulipa hata bob. Ukizozana na landlord kuhusu depositi, kuna hukumu huko ya mtu aliyezozana na wake. Harvard nao walifanya kitu cha kikatili kidogo: walikata migongo ya vitabu vya sheria karibu 40,000 ili kurasa zipite kwa skana haraka. Zilitoka kurasa milioni 40, kesi zaidi ya milioni 6 za mahakama za Marekani, na sasa mtu yeyote anazisoma.

Kuna ile mali ambayo ni yetu kabisa. Neno miswada lina maana mbili, na ile ya pili mtaani tumeisahau: maandishi ya mkono. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840, na mashairi yake yangepotea kama Mwalimu Sikujua hangeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu, akishirikiana na mmishonari Mwingereza, William Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia SOAS, Chuo Kikuu cha London. Leo SOAS imeziskani pamoja na miswada mingine ya Kiswahili, na kijana wa Likoni anaweza kuikuza kwa simu hadi aone wino ulipomwagika. Sawa, ni vizuri. Lakini anayeweka maelezo, anayeamua utatafuta kwa neno gani, bado ni mtu aliyeketi London. Ukitafuta kwa tahajia ya kwenu unaweza kukosa kitu ambacho kiko pale pale.

Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Picha kama hizo ndizo watu huposti wakiandika "Nairobi ya kitambo" bila kusema wamezitoa wapi. Na kwa wanaopenda mifupa, kuna tovuti ya African Fossils, inayohusiana na Turkana Basin Institute na Chuo Kikuu cha Stony Brook cha New York, ambapo unazungusha fuvu la miaka zaidi ya milioni moja kwa kidole.

Basi shida iko wapi? Iko mlangoni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya fee, hadithi ya kawaida. Kitu ambacho sikutarajia ni kwamba siku paswadi ya mwanafunzi ilipokufa, nusu ya maktaba ya dunia ilijifunga nayo. Akili ni ile ile ya jana. Swali ni lile lile. Lakini sasa makala ambayo jana ilifunguka inataka dola 40. Nchi hii ina vijana wengi sana wenye maswali na wasio na namba ya usajili.

Mlango mwingine unakutambua kwa mahali ulipo. HathiTrust, hifadhi inayoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Michigan tangu 2008, ina zaidi ya nakala milioni 17. Lakini kwa sababu za hakimiliki, vitabu vingi vilivyochapishwa nje ya Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita vinafunguka kwa mtu aliye Marekani tu. Kwa hivyo kitabu cha London cha 1910 kuhusu Mombasa, jamaa wa Ohio ambaye hata hajui Mombasa iko wapi anaweza kukisoma chote. Wewe wa Tudor unaonyeshwa namba za kurasa ambazo neno lako linapatikana, halafu basi. Sheria wanayo, naelewa. Lakini inauma.

Aaron Swartz, kijana Mmarekani, alishikwa mwaka 2011 kwa kupakua mamilioni ya makala za JSTOR kupitia mtandao wa chuo cha MIT. Alifariki kwa kujiua Januari 2013, akiwa na miaka 26, kesi ikimngoja. Baada ya hapo JSTOR imelegeza kidogo: ukifungua akaunti ya bure unasoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. arXiv, ya wanafizikia na wanahisabati, haijawahi kumfungia mtu tangu 1991, na sijasikia fizikia imekufa kwa sababu hiyo.

Halafu hata mlango ukiwa wazi, nyumba inaweza kuungua. Aprili 18, 2021 moto wa mlimani ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger. Vitabu takriban 70,000 vya masomo ya Afrika vilienda. Vilivyokuwa vimeskaniwa vilibaki, angalau kama picha.

Na si lazima moto uwe wa miti. Februari 2025 serikali mpya ya Marekani ilipofunga bomba la USAID, mradi wa DHS ulisimama. Huo ndio ulisaidia kufanya ule utafiti mkubwa wa afya ya familia hapa Kenya, wa mwisho ukiwa wa 2022: wanawake wangapi wanajifungulia hospitalini, watoto wangapi wamedumaa. Data ya akina mama wa Wajir na Kibra ilikuwa kwa seva ya wenyewe, na watafiti wapya wakakwama kusajiliwa kuipata. Mwezi huo huo maktaba ya sheria ya Harvard ilitangaza imenakili hifadhi za data za serikali ya Marekani, zaidi ya 311,000, ikiogopa zitafutwa. Wenye nchi wenyewe walikuwa wanabeba vitu kabla nyumba haijaanguka. Sisi nakala yetu tuliweka wapi?

Vyuo vyetu vina hifadhi. Nairobi, Kenyatta, Moi, Maseno, Egerton, vyote vimeweka tasnifu mtandaoni. Andika jina la mtaa wako huko kwa kisanduku cha kutafuta. Kuna uwezekano mkubwa mtu aliwahi kupima maji ya mto wenu ama kuhesabu vyoo vya ploti zenu, akapewa digrii, akaenda zake, na hakuna mtu wa mtaa aliyewahi kuona majibu. Ubaya ni kwamba mara nyingi unapata ukurasa wa muhtasari tu. Kazi nzima haipo, ama ukibofya tovuti inazunguka hadi data inaisha. Kuna hifadhi ya chuo kimoja nilijaribu wiki mbili mfululizo bila kuipata ikiwa hewani.

Hizi ni tasnifu za vyuo vya umma, zilizoandikwa ndani ya majengo ya mlipa ushuru. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaeleza jinsi ya kuomba. Unaandika kwa Kiingereza ama Kiswahili, unaeleza unachotaka, na huhitajiki kusema unakitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman. Barua yenyewe haizidi ukurasa mmoja, na mtu wa saiba ataitaipu kwa shilingi 50.